Kadi za Pokémon Kariakoo: kwa mchezo ndiyo, kwa akiba hapana

Duka la kadi hizi za wahusika wa katuni za Kijapani lipo ghorofani, jirani na Mtaa wa Msimbazi, na kwa upande wa mchezo nalisifu bila kusita. Pakiti zimefungwa kiwandani, kijana muuzaji anaijua kila kadi kwa jina, na mwanangu alifungua yake palepale huku akiruka. Shilingi 20,000 kwa pakiti. Sawa.

Ninachopinga ni maneno ya huyo muuzaji: "Dada, chukua boksi zima uliweke ndani. Miaka kumi ijayo hiyo ni ada ya sekondari." Hapana jamani. Ni kweli kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 Marekani mwaka 2022, ila ile ilikuwa adimu na safi mno. Kadi za besiboli za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi kupindukia, watu wakazificha kabatini wakidhani ni mali, na hadi leo nyingi haziuziki kwa bei ya maana.

Halafu kuna unyevu wa Dar! Kadi zinazong'aa hupinda. Mnunuzi wa bei kubwa naye hutaka iliyopimwa ubora wake na kampuni kama PSA ya Marekani, inayotoa alama 1 hadi 10; ukishalipa usafiri na gharama za kupima, faida imeliwa. Na kadi haitoi riba, wakati hatifungani ya Serikali, yaani pesa unazoikopesha Serikali, inalipa riba mara mbili kwa mwaka.

Duka nalipatia nyota nne. Ada ya mtoto naiweka UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja.