Gari za spoti za manyuo Dodoma: anza na gia ya pili, saa kumi na mbili asubuhi

Juni mwaka jana nilinunua Toyota Altezza RS200 kwenye yadi moja hapa Dodoma, milioni kumi na tatu na nusu. Nilifika saa saba mchana, jua limesimama utosini. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha. "Nimekupashia moto dada yangu, usisumbuke," akaniambia, nami nikamshukuru. Nikaiendesha hadi Ihumwa na kurudi, gia zote sita zikaingia laini kabisa. Nikalipa.

Kesho yake alfajiri, baridi ya kipupwe imeshika, nikatoka nyumbani Kisasa. Gia ya kwanza sawa. Ya pili ikagoma. Nikasukuma, ikalia krrr mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani akachungulia getini. Fundi alipofungua giaboksi akanionyesha pete ya sinkronaiza ya gia ya pili, ile inayoifanya gia iingie laini: imelika, mifereji yake ya ndani imebaki kama sarafu ya zamani. Na oili iliyokuwemo ilikuwa nzito kama uji wa ulezi. Nilipompigia muuzaji akasema, "Manyuo ndivyo zilivyo dada, utazoea."

Siwezi kuzoea gari inayolia. Tangu nikisimulie kisa hiki kwa mara ya kwanza, wasomaji wengi wameniuliza: basi tununue ipi? Leo ninajibu. Sitazungumzia nguvu za farasi, wala inafika mia kwa sekunde ngapi, wala viti. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia bila kuombwa. Mimi nazungumzia gia ya pili.

Ndani ya giaboksi ya manyuo gia za kwenda mbele zimeumana muda wote na zinazunguka pamoja. Unapovuta mkono wa gia hausogezi gia yenyewe, unaifunga kwenye shafti. Kabla haijafungwa lazima mwendo wa gia na mwendo wa shafti ulingane, na kazi hiyo inafanywa na pete, mara nyingi ya shaba njano, inayojibana kwenye koni ya gia kama breki ndogo. Hiyo ndiyo sinkronaiza. Ikilika, haibani tena, na meno yanakutana kabla ya wakati. Ule mlio unaousikia ni chuma kinatafunana.

Gia ya pili ndiyo hufa mapema kwa sababu tofauti ya mwendo kati ya kwanza na pili ni kubwa kuliko kati ya gia za juu, na ndiyo tunayoirudia mara nyingi. Hesabu matuta kutoka Dodoma mjini kwenda Morogoro: Ihumwa, Chamwino, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo. Kila penye makazi unashuka hadi hamsini, na kila tuta unarudi kutoka tatu kwenda mbili. Halafu kuna mwinuko. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwenye urefu huo. Ukienda Iringa, ukishavuka Mtera na kuanza kona za Nyang'oro, injini isiyo na turbo inakuomba gia ya pili kila baada ya kona. Yenye turbo inafidia upungufu huo wa hewa, kwa hiyo unaweza kubaki gia ya tatu na pete ikapumzika.

Sasa oili, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gereji nyingi zina dumu moja la oili ya gia, "tisini", na linamwagwa kwenye kila kitu, kuanzia Fuso hadi Vitz. Oili za gia zina madaraja. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwenye matairi) zenye mgandamizo mkubwa, na baadhi ya kemikali zake za salfa zinaweza kuila shaba ya pete. GL-4 ni rafiki kwa sinkronaiza nyingi. Kisha kuna uzito. Oili nzito asubuhi haitoki haraka kati ya pete na koni, pete inateleza, gia inagoma. Ikishapata moto inalegea na kila kitu kinakuwa shwari. Ubaya wake ni kwamba oili nzito pia inaficha mlio wa beringi zilizochoka. Kwa hiyo muuzaji anamwaga nzito, anapasha gari moto, anakupa funguo mchana. Ndivyo nilivyouziwa mimi.

Dawa yake: mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili asubuhi, na gari isiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, aga, utarudi kesho. Ikiwa baridi, washa, ondoka taratibu, panda kutoka kwanza kwenda pili injini ikiwa kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika, bila kulazimisha. Kisha ukiwa tatu punguza mwendo na urudi pili. Rudia mara tano. Kugoma kidogo mara ya kwanza kwenye baridi nitakusamehea, kulia hapana. Baada ya hapo tafuta mteremko, kaa gia ya pili, kanyaga mafuta kisha achia ghafla. Mkono wa gia ukichomoka wenyewe na kurudi huru, usinunue hata kwa nusu bei. Rivasi ikilia wakati gari imesimama, usiishutumu sinkronaiza haraka, kwa kuwa kwenye giaboksi nyingi rivasi haina. Hapo mara nyingi klachi ndiyo haiachii vizuri.

Mimi ni mtu wa Subaru, sifichi. Namba moja kwangu ni Subaru Impreza WRX STI yenye gia sita, umbo linaloanza na herufi GDB kwenye kibao cha chasisi. Gia sita ziliingia kwenye STI za Japani mwishoni mwa 2000, na hii ndiyo giaboksi ambayo mafundi wa Subaru wanaiheshimu. Ni nzito, gia zake ni pana, na inabeba nguvu za injini ya EJ20 yenye turbo pamoja na kuvuta matairi yote manne bila kulalamika. Nimeendesha ya rafiki yangu kutoka Dodoma hadi Iringa na kurudi. Asubuhi gia ya pili iliingia kwa kukaza kidogo, mkononi unahisi chuma kizima, lakini haikulia hata mara moja. Kwa rivasi unanyanyua pete iliyo chini ya kichwa cha mkono wa gia, kwa hiyo huwezi kuingia rivasi kwa bahati mbaya ukitafuta ya kwanza. Jambo moja la kukumbuka: kwenye Subaru giaboksi na difu ya mbele vinatumia oili moja. Ndiyo maana kiwanda chenyewe kinataka GL-5 hapa. Fundi akikuambia GL-4 ni bora kwa kila gari, hajui Subaru.

Usichanganye STI na WRX ya kawaida, GDA, yenye gia tano. Hiyo shida yake siyo pete, ni meno ya gia yenyewe. Matairi manne yakishika lami na wewe ukaachia klachi ghafla, hakuna pa kuteleza, nguvu yote inaishia kwenye gia nyembamba. Hapa mjini zimejaa WRX zilizobandikwa nembo ya STI, mpaka usukani umeshonwa kwa uzi wa pinki. Hesabu gia kwenye kichwa cha mkono, kisha soma kibao cha chasisi. Nembo inauzwa dukani, kibao kimetoka kiwandani. WRX iliyotunzwa na mtu mtulivu bado ni gari nzuri, ila mtu mtulivu hanunui WRX.

Namba mbili ni Honda Integra Type R, umbo la DC5, iliyoanza 2001. Ni chache nchini, na ukiipata utasubiri spea kutoka Japani. Lakini mkono wake mfupi, na gia sita zilizopangwa karibu karibu, ndizo zinazoingia vizuri kuliko zote katika mwongozo huu. Hata STI haifikii hapo, na nakiri hivyo ingawa roho inaniuma. Sikiliza ya tatu kwa mizunguko ya juu, ndiyo inayosumbua kwenye injini hizi za K20. Na usiruhusu mtu amwage tisini ndani yake. Giaboksi za Honda zinataka oili yao nyepesi, uzito wake unakaribia oili ya injini. Ukimwaga nzito, asubuhi ya kipupwe hutaingiza pili kabisa, na fundi atakuambia giaboksi imekufa wakati ni oili tu.

Tatu ni Mitsubishi Lancer Evolution, na ushauri wangu hapa watu wengi hawaupendi: chukua yenye gia tano, siyo sita. Evo VII ina tano. Evo VIII GSR ikaja na sita, na ili sita zienee, gia zikawa nyembamba. Kwenye lami ndefu ya kwenda Singida sita inapunguza kelele, lakini kwa uimara tano ndiyo yenyewe. Evo ninaiweka chini ya Integra kwa sababu bei zake hapa zimepotea njia. Watu wanauza jina.

Nne ni Altezza RS200, ninayoimiliki. Injini yake ya 3S-GE ya nguvu za farasi 210 ni tamu, inavuta kwa matairi ya nyuma, spea za injini zinapatikana. Giaboksi yake ya Aisin yenye gia sita ni jamaa wa zile za Nissan Silvia S15 Spec R na Mazda RX-8 za mwanzo, na tabia ya kuwa mbishi gia ya pili ikiwa baridi ni ya ukoo. Ikiwa nzima inaudhi kidogo. Ikiwa imelika inakutoa machozi. Hakikisha kibao kinasoma SXE10. GXE10 ni AS200, injini nyingine kabisa. Uliza pia kama ilizaliwa otomatiki ikageuzwa. Tazama pedali ya klachi na mkeka chini yake. Kazi ya kugeuza mara nyingi huacha tundu lililokatwa kwa mkono.

Toyota 86 ya kuanzia 2012 nayo ni nzuri, na gia ya pili nayo ina ubishi wa baridi. Kwa bei yake sina cha kusema zaidi.

Kwa mwenye mfuko mdogo, Suzuki Swift Sport ya gia tano. Haisumbui. Tuendelee.

Bei. Gari zote hizi isipokuwa 86 za karibuni zimeshapita miaka kumi, kwa hiyo ukiagiza Japani unakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, kodi ya bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu ushuru wa uchakavu juu yake. Hayo ni ya sheria, nayaelewa. Nisichokielewa ni dalali anayechukua gari iliyokwisha lipiwa yote hayo miaka kumi iliyopita, ina namba C, imepita mikono minne, akaiuza kana kwamba imeshuka bandarini jana. Ukimuuliza kuhusu gia ya pili anakuonyesha rimu.

Na spea ndiyo imeniuma zaidi. Nilipotafuta pete ya sinkronaiza, kila duka lilitaka kuniuzia giaboksi nzima ya mtumba, milioni moja na laki mbili, bila kuijaribu na bila kurudisha: ukishaifunga kwenye gari ni yako. Pete yenyewe hakuna aliyekuwa tayari kuitafuta. Mwishowe fundi wangu alizipata Dar kwa mtu anayebomoa giaboksi zilizokufa. Zilikuja na basi, zimefungwa kwenye boksi la viatu, nikazipokea stendi ya Nanenane saa mbili usiku. Pete mbili, ya pili na ya tatu, laki moja na themanini. Ufundi laki mbili na nusu, na oili mpya ya 75W-90, iliyo nyepesi asubuhi ya baridi, niliyoinunua mwenyewe na kuisimamia ikimwagwa.