Uzoefu wangu: kutoka tenki la samaki la lita 180 hadi lita 540, kioo safi lakini stendi jamani!

Kwa wenye haraka: kioo nakipa nne kwa tano, stendi moja kwa tano, huduma baada ya kulipa mbili na nusu. Wenye muda karibuni, hii ni ndefu kidogo.

Mimi mzaliwa wa Mombasa ila kwa sasa niko Reading huku Uingereza, na kwa miaka mitano nilikuwa na tenki la maji ya chumvi la lita 180, klaunifishi wawili na matumbawe, moja likiwa lile la vidole vyenye ncha kama nyundo, ambalo lilikua mpaka likawa linawachoma majirani zake usiku sisi tumelala. Asubuhi nakuta tumbawe la pembeni limenywea. Nafasi ilikuwa imekwisha kabisa. Mke wangu akakubali tenki kubwa kwa sharti moja, lisikae sebuleni kwake.

Kumbe sharti lile limeniokoa. Hizi nyumba za zamani zilizoshikana kuta, sakafu ya mbele ni mbao juu ya boriti na chini yake hewa tu. Sasa piga hesabu, sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni lita 540, maji ya chumvi mazito kidogo kuliko ya bomba kwa hivyo weka kilo 550, kioo cha milimita 12 ni kilo mia na kitu, ongeza mawe, mchanga, sampu (lile tenki dogo la chini ambalo maji hupitia) na maji yake, kabati, unakaribia tani nzima imekaa sehemu moja. Nimelipeleka nyuma jikoni kwenye sehemu iliyoongezwa baadaye, sakafu yake ni zege, roho ikatulia.

Nikaagiza kwa watu wanaotengeneza kwa vipimo vyako (jina nalihifadhi, sitaki maneno). Pauni 2,300 tenki, sampu, mabomba na stendi, nusu mbele. Waliniahidi wiki 6, zikawa 11, na kila nikipiga simu naambiwa silikoni, ile gundi ya kuunganisha vioo, bado inakauka. Wiki tano silikoni inakauka? Haya.

Ule muda wa kungoja niliutumia kutengeneza maji. Maji ya huku ni magumu ajabu, birika la chai lenyewe linaota ganda jeupe, mita yangu ya kupima madini yaliyoyeyuka ilisoma 340 kwa maji ya bomba na mimi nataka sifuri, basi nikafunga mtambo wa RO, ule unaochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, chini ya sinki na kujaza mapipa. Kwa karatasi mtambo wasema unatoa lita 280 kwa siku, lakini ilikuwa Januari, maji ya baridi hupita polepole kwenye ule utando, mimi nikawa napata nusu yake tu, na kila lita moja safi yamwaga tatu hivi kwenye bomba la taka. Halafu ndio utie chumvi, gramu 35 na ushee kila lita, ndoo nzima ya kilo 20 ikaenda na bado nikafungua ya pili. Mamangu alinipigia simu ya video akanikuta nakoroga. "Ati wanunua chumvi? Chumvi ya kutia kwa maji? Mtoto wa Mombasa?" Alicheka mpaka akamwita shangazi aje aone.

Tenki likaja na watu wanne. Hapa lazima niseme ukweli, kioo ni kazi nzuri. Silikoni imenyooka, hakuna hata kipovu kimoja kwenye viungo, kingo zimesuguliwa vizuri, na kioo cha mbele ni kile kisicho na ukijani. Kwa kioo peke yake ningerudi kwao kesho.

Sasa stendi. Kwanza haina miguu ya kurekebisha, nikaweka pimamaji nikakuta milimita 5 tofauti ya upande hadi upande, basi tukahangaika na vipande vya plastiki mpaka magharibi. Pili ni MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, iliyopakwa rangi tu. MDF, kwa kitu cha kukaa na maji!

Na maji yalikuja. Siku ya tatu nikazima pampu ya kurudisha maji juu kutoka kwenye sampu, kujaribu tu itakuwaje umeme ukikatika. Midomo ya bomba waliiweka sentimita 3 chini ya uso wa maji na hawakutoboa hata tundu la kuingiza hewa, kwa hivyo pampu ilipozima bomba likaanza kunyonya kinyume. Tenki la ukubwa huu kila sentimita moja ni lita 9. Lita 27 zikashuka kwenye sampu yenye nafasi ya 18. Mkiniona na mataulo mngenihurumia. Kuwaandikia, jibu baada ya siku tatu, ati nitoboe tundu la milimita 3 kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji. Nimetoboa, imekaa sawa, lakini si wao walitakiwa kutoboa? Kuhusu MDF iliyovimba hawakusema kitu.

Kuhama kwenyewe kulienda vizuri kushinda nilivyoogopa. Mawe ya zamani nimehama nayo yote maana bakteria wanaosafisha maji wanakaa humo, mchanga wa zamani nimetupa wote, una uchafu wa miaka mitano na ukiuchokora harufu ni ya mayai viza. Amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ilipanda kidogo siku mbili za kwanza kisha ikarudi sifuri. Umeme nimepima, karibu yuniti 6 kwa siku, taa na hita ndio wanaokula.

Halafu nimejizawadia. Dukani nikaona kasamaki kadogo ka bluu, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, kibao kimeandikwa KENYA. Pauni 60! Nikakanunua, ningefanyaje, ni jirani. Mama nilipomuonyesha akauliza kama nilikapandisha ndege.

Stendi bado ile ile. Fundi wa welding amenipa bei ya fremu ya chuma, pauni 420, lakini kuibadilisha ni kutoa maji yote upya, na mke wangu bado hajasahau mataulo yake. Kwa sasa nimeziba ufa wa ile MDF iliyovimba kwa silikoni na kila Jumamosi napitisha pimamaji. Wiki hii imeshuka milimita moja.