Safari ya hija Butiama: nzuri, ila Nyegina ipewe muda

Nimeenda na kikundi kimoja kinachopeleka watu Butiama kutokea Mwanza, jina lao silitaji. Kosta ilikuwa safi, dereva hana mbwembwe, tukapita Magu, Lamadi, Bunda mpaka Makutano tukakata kulia kwenda kwa Mwalimu Nyerere.

Butiama hawana mpinzani aisee. Kaburi, makumbusho, nyumba za pale Mwitongo, nyumbani kwa familia yake, na muongozaji wao alikuwa anaijua historia sio ya kukariri, ukimuuliza swali anakaa analijibu mpaka unaridhika. Ametueleza vizuri kuanzishwa kwa chama cha TANU 1954, na jinsi Mwalimu alivyoacha kazi ya ualimu shule ya Pugu mwaka 1955 akabaki na siasa tu.

Sasa kinachoniuma ni Nyegina, misheni ya kikatoliki karibu na Musoma. Kwenye ratiba ipo, ila tumefika jua linazama, dakika chache tu tukaambiwa pandeni gari tunachelewa. Jamani, huwezi kuiita hija halafu Nyegina ukaipita mbio hivyo! Pale ndipo Mwalimu alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akaitwa Julius, akiwa kijana wa miaka 21. Hakuzaliwa kwenye ukristo yule. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake wengi, alifariki 1942 bila kubatizwa, na mama Mugaya alikuwa mke wake wa tano. Kijana alianza kufuata mafundisho ya dini tangu anasoma shule ya msingi Mwisenge pale Musoma, akaendelea nayo sekondari Tabora, miaka yote hiyo mtu anajifunza na kusubiri, yaani alichagua mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Mimi naona ukilielewa hilo ndio unaelewa kwa nini hata akiwa Ikulu misa alikuwa hakosi, kwa nini mwaka 1970 aliwaambia wamisionari wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lazima lisimame na wanyonge, na kwa nini uzeeni, madaraka ameshaachia, alikaa akazitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwenye tenzi za Kiswahili. Kazi ile mtu hafanyi kwa kutafuta sifa.

Na mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzia Jimbo la Musoma, ndio unaendelea, ameshaitwa Mtumishi wa Mungu, ambayo ni hatua ya mwanzo. Waumini wanaenda mpaka Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, kila Juni kumuombea, halafu sisi tuliopo hapa hapa Mara tunakimbizwa!

Bei yao ni ya kawaida, chakula kizuri (samaki wa ziwani tena mbichi kabisa, hongera kwa wapishi), na waislamu tuliokuwa nao kwenye gari walifurahi sawa na sisi wakatoliki, Mwalimu ni wetu wote. Kwa hiyo nendeni, ila kabla hamjalipa hakikisheni mnatoka Mwanza alfajiri, na mkubaliane kabisa mnalala Musoma, Nyegina muende asubuhi ya pili mkiwa hamna haraka.