Riwaya ya mauaji ya Devon 1944: sura ya 19 imeniharibia kila kitu

Naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Jina la riwaya sitalitaja. Wanaofuatilia hadithi za upelelezi za wakati wa vita wataitambua kwa mahali na mwaka: Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, miezi michache kabla ya kuvamia Normandy, pwani ya Ufaransa, Wamarekani wamejaa kila kijiji. Ofisa wa Kimarekani anakutwa amekufa. Inspekta wa Kiingereza anataka kuchunguza, meja wa Kimarekani anamzibia njia. Hayo yako nyuma ya jalada, kwa hiyo sijamharibia mtu. Kuanzia hapa namwaga ubuyu. Asiyetaka aishie hapa.

Sura ya 19. Inspekta anamkamata sajini wa Kimarekani, anamfungulia shitaka la mauaji, anamfikisha kwa mahakimu wa mji, na tukifungua sura ya 20 sajini yuko kizimbani Exeter, mbele ya jaji wa Kiingereza mwenye wigi, juri ya raia kumi na wawili imekaa pembeni. Nilikifunga kitabu palepale. Jambo hilo kisheria halikuwezekana kabisa, na si kwa sababu ya kijipengele kilichojificha kwenye jalada la wizara.

Agosti 1942 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu kuhusu majeshi ya Marekani yaliyoko nchini humo. Kiini chake kilikuwa kwamba mahakama za Uingereza hazisikilizi kesi ya jinai dhidi ya askari wa Marekani. Hata kama kamuua Mwingereza, katikati ya London, mchana kweupe. Polisi wa Kiingereza wanaruhusiwa kumkamata na kumshikilia, kisha wanamkabidhi kwa wenzao wa jeshi la Marekani, kazi yao imeisha. Uliachwa mlango mmoja tu: serikali ya Marekani yenyewe iombe askari wake ashitakiwe na Waingereza. Mlango huo ulifunguliwa kwa Karl Hulten, askari mtoro aliyemuua dereva wa teksi George Heath, Oktoba ya mwaka huohuo wa 1944. Alihukumiwa katika mahakama ya Old Bailey, London, akanyongwa gereza la Pentonville Machi 1945. Hivyo mwandishi alikuwa na pa kupitia. Ukurasa mmoja wenye barua kutoka ubalozi wa Marekani ungemwokoa. Haupo. Sajini anaburutwa tu mpaka Exeter kama mwizi wa kuku.

Mtu ataniambia, ndugu, hii ni hadithi, acha ukali. Ningeacha, kama mvutano wa washirika usingekuwa ndio bidhaa tuliyouziwa. Jaladani wameandika kwa herufi kubwa kwamba washirika hawaaminiani. Sasa hiyo sheria ndiyo kutoaminiana kwenyewe! Na haikuwa sawa kwa wote. Wapolandi, Wanorwe, Waholanzi, Wafaransa wa de Gaulle, wote walikuwa na mahakama zao za kijeshi Uingereza kwa sheria ya 1940, lakini kwa ajili ya nidhamu. Kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia na ubakaji vilibaki kwa majaji wa Kiingereza. Mmarekani peke yake ndiye aliyepewa vyote. Na riwaya ina kapteni wa Kipolandi, tena mhusika mzuri, mwenye ulimi mkali! Huyo angemwambia meja usoni: mimi na wewe tukifanya kosa lilelile, mimi nanyongwa na mwenyeji wangu, wewe unahukumiwa na rafiki zako. Badala yake kapewa kazi ya kumimina wiski kwenye sura tatu.

Kama sajini angepelekwa anakostahili, hadithi ingepata vikwazo vya kutosha kwa kurasa mia moja. Kwanza ofisa anateuliwa kupeleleza shitaka kabla halijafika mahakamani, na hapo meja angeweza kumchagua mtu wake. Kisha mahakama kuu ya kijeshi, maofisa wasiopungua watano. Kwa kosa la kuua, ibara ya 92 ya sheria za kijeshi za Marekani za wakati huo ilitoa adhabu mbili tu, kifo au kifungo cha maisha, hakuna ya tatu. Kifo kinataka kura zote. Maisha yanataka robo tatu. Ofisa mmoja mkaidi anatosha kumwondoa mtu kitanzini, na inspekta wa Kiingereza, ambaye ushahidi wote ni wake, amekaa nje kwenye benchi akisubiri kuitwa kama shahidi wa kawaida. Baada ya hapo hukumu ya kifo inapanda hadi kwa Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, aithibitishe. Mwandishi kayatupa yote hayo ili apate jaji mwenye wigi.

Na mwisho wa safari ungekuwa Shepton Mallet, Somerset, gereza ambalo Wamarekani walipewa walitumie. Askari wao 18 waliuawa pale kati ya 1943 na 1945: 16 kwa kitanzi, 2 kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walikuwa weusi. Wanyongaji walikuwa Waingereza, Thomas Pierrepoint na mpwa wake Albert. Kwa utaratibu wa Kiingereza wa wakati huo, mtu akitolewa chumbani mpaka sakafu inafunguka ni suala la sekunde. Wamarekani walitaka kwanza asimame juu ya ule mlango wa sakafuni, asomewe makosa yake na hukumu yake, aulizwe kama ana neno, dakika zinakwenda, na mnyongaji amesimama pale mkono uko tayari. Albert alilichukia jambo hilo. Mataifa mawili yanayosemekana ni ndugu, hayakubaliani hata juu ya namna ya kumnyonga mtu. Ukitaka tukio la mvutano, ndilo hilo.

Sasa nipoe kidogo, maana kuna kitu kimoja humu ndani ambacho kinanifanya nishindwe kuitupa.

Maiti. Mwandishi ameifikiria maiti yake vizuri mno. Mauaji yamefichwa ndani ya ajali ya kweli, lile zoezi la kivita lililoitwa Tiger, usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944. Meli nane za kushusha vifaru zilikuwa zinakuja Slapton Sands, ufukwe ambao wakazi wapatao 3,000 wa vijiji vyake walikuwa wamehamishwa kabla ya Krismasi ya 1943. Boti za kasi za Wajerumani kutoka Cherbourg, bandari ya Ufaransa, zikazivamia kwenye ghuba ya Lyme. Meli mbili zikazama, hesabu inayotajwa mara nyingi ni Wamarekani 749 waliokufa. Manowari ya Kiingereza Scimitar, iliyopaswa kuzilinda, ilikuwa Plymouth ikitengenezwa baada ya kugongwa, na meli za Kimarekani zilikuwa zimepewa masafa ya redio yasiyo sahihi, hata onyo halikuwafikia. Unaona chuki inavyoanza kuchemka bila mwandishi kulazimisha chochote. Tena kati ya waliopotea walikuwamo maofisa kumi waliojua siri ya uvamizi, na msako haukuisha mpaka miili yao yote ikapatikana. Kwa hiyo hakuna kamanda anayetaka polisi wa mjini achokonoe maiti hata moja.

Wengi wa waliokufa walikuwa wamefunga mkanda wa kujiokolea kiunoni, ilhali unatakiwa kukaa chini ya makwapa. Mtu ana mzigo mgongoni, mkanda ukijaa hewa kiunoni unampindua, kichwa chini miguu juu. Inspekta anapita kwenye safu ya miili na mmoja umefungwa mkanda vizuri, makwapani. Msomaji wa kawaida ataona hilo linatosha. Kumbe mwandishi bado ana karata. Mikanda ile ilikuwa na vichupa viwili vya gesi, unaminya vinatobolewa mkanda unajaa, na pia mirija ya kupulizia kwa mdomo. Huyu marehemu mkanda wake umejaa, lakini vichupa vyote viwili havijatobolewa. Mtu aliyetupwa baharini usiku wa manane, maji ya Aprili, meli inawaka nyuma yake, haachi kuminya gesi akaanza kupuliza mrija taratibu. Ameupuliza mtu mwingine, nchi kavu, bila haraka. Nilisoma kurasa hizo nne mara mbili kwa raha. Daktari naye hatii chumvi: hakuna povu kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kuna mashaka kwamba alizama akiwa hai, mashaka tu, na anasema hivyohivyo.

Kwa hayo pekee ningetoa nyota nne. Halafu tunafika kwenye risasi, nami nazirudisha mfukoni.

Risasi ya .45 (upana wa inchi 0.45) inatolewa mwilini na inspekta anatamka mara moja: Mmarekani. Kwa nini? Bastola ya Colt ya Kimarekani inatumia .45, sawa. Bunduki ya Thompson nayo inatumia risasi hiyohiyo, na makomando wa Uingereza walikuwa nayo. Njia ya kuzitofautisha ni ya dakika mbili, haihitaji maabara. Simamisha risasi, kitako chini, tazama michirizi iliyochorwa na mtutu. Colt inazungusha risasi kushoto, Thompson inazungusha kulia. Lenzi ya mkononi inatosha. Daktari kaishika risasi kurasa mbili nzima, kaipima uzito, kaifunga kwenye pamba, wala hajaitazama michirizi imelala upande gani. Na sajini anakamatwa kwa ushahidi huo! Mtu aliyejua habari za vichupa vya gesi anashindwaje kujua hili?

Sura ya 11 nayo, mlinzi anauawa "gizani" saa nne usiku, katikati ya Mei. Mwaka huo saa za Uingereza zilikuwa zimesogezwa mbele kwa saa mbili kamili tangu mwanzoni mwa Aprili. Saa nne usiku ya Devon mwezi Mei jua ndiyo kwanza linatua, na mwanga unabaki nusu saa nyingine na zaidi. Muuaji angeonekana na kijiji kizima. Isogeze saa sita, tatizo limekwisha.

Yupo pia dereva wa lori mweusi, anashukiwa kurasa mbili kisha anasahaulika. Mwezi huohuo wa Mei 1944, karibu na Bath, Leroy Henry, askari mweusi, alihukumiwa kifo na mahakama ya jeshi lake kwa ubakaji, kosa ambalo kwa sheria ya Kiingereza halikuwa na adhabu ya kifo. Raia wa Kiingereza zaidi ya 30,000 walisaini kumtetea, na Eisenhower akaifuta hukumu mwezi Juni. Mwandishi alikuwa na dereva, alikuwa na mwezi, alikuwa na hasira ya wenyeji, akamwacha dereva aondoke na lori lake.

Nyota mbili basi. Ukikuta kinauzwa bei ya mtumba, nunua, soma mpaka sura ya 18, ruka mpaka ya 24 ambako muuaji anajulikana bila msaada wowote wa ile mahakama ya Exeter (jambo linaloonyesha haikuhitajika).

Ingawa sura hiyo ya 24 ina ugomvi wa baa ambao lazima niuseme. Askari wa Kiingereza na wa Kimarekani wanagombana kuhusu mshahara, na hesabu imekaa sawa: askari wa chini wa Kimarekani dola 50 kwa mwezi, ongeza asilimia 20 ya kuwa ng'ambo, dola 60, karibu pauni 15. Mwingereza wa cheo hicho hafikishi pauni 5. Hakuna anayehutubia. Mwingereza anahesabu shilingi zake juu ya kaunta, Mmarekani anamwambia muuzaji awape wote bia, na hapo ndipo ngumi ya kwanza inaporushwa. Haya, mbili na nusu.