Ultrasaundi ya tumbo Moshi mjini, waliopima mrija wa nyongo wa mama mdogo nawapa nyota nne

Watu wa Moshi na Arusha mnaulizana kila siku wapi pa kupiga ultrasaundi ya tumbo ya uhakika, basi mi naongelea hiki kituo kidogo cha ghorofani si mbali na mnara wa saa, ambacho mwezi wa tatu kilituokolea mama mdogo.

Yeye anakaa Kibosho, ana miaka 58. Alianza na homa za kuja na kuondoka, anatetemeka mpaka meno yanagongana, mnamfunika blanketi mbili, halafu jasho linamtoka anakaa anaomba mtori kama vile hakuna kilichotokea. Zahanati moja wakasema malaria, kipimo kikakataa, wakasema basi ni taifodi, wakamchoma sindano siku tano homa ikakata tukashukuru Mungu, baada ya wiki ikarudi na safari hii na maumivu chini ya mbavu za kulia yanapanda mpaka begani. Wakaanza tena taifodi. Kilichoniuma ni kwamba muda wote huo hakuna mtu alimuuliza mkojo wake una rangi gani. Ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kimepauka kama udongo, na usiku anajikuna viganja hadi vinachubuka, yeye akaona aibu kusema, mpaka dada alivyomkuta anapepeta mahindi juani akaona macho yote manjano.

Hapo kituoni tulifika asubuhi, foleni ipo na mabenchi ni mawili tu, wagonjwa wengi hawajala tangu jana kwa sababu ukienda kuangaliwa kifuko cha nyongo lazima ufunge masaa sita mpaka nane, ukila kinajibana hakionekani vizuri. Hili la mabenchi ndo limewanyima nyota ya tano, mgonjwa mwenye homa asisimame ukutani jamani. Bei elfu 30, unalipa kwa simu au keshi, risiti unapewa.

Dada anayepima sasa. Alivyomuona tu mama mdogo mlangoni akamshika mkono, "Shikamoo mama, homa imeanza lini, na mkojo unatoka wa rangi gani?" Yaani swali la kwanza! Mama mdogo akamwambia yote, hata yale aliyotuficha sisi. Akampaka jeli, akapitisha kile kifaa chini ya mbavu taratibu, "vuta pumzi mama, bana hapo hapo, achia", akamgeuza ubavu wa kushoto, akarudia. Kwenye skrini akanionyesha kifuko cha nyongo, ndani kuna vitu vyeupe vinang'aa na nyuma ya kila kimoja kuna mstari mweusi kama kivuli cha nguzo, akasema kaka hayo ni mawe, jiwe halipitishi mawimbi ndo maana nyuma yake giza. Halafu akatafuta mrija wenyewe wa nyongo, ule mkubwa unaoshuka kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo, akaweka alama mbili ndogo za kujumlisha, moja ukuta huu moja ukuta ule, ikaandika milimita 11. Akasema kwa kawaida hautakiwi kuzidi 6 hivi, kwa watu wazima sana unaweza kuongezeka kidogo, ila 11 pamoja na homa na manjano hapana, huko chini kuna kitu kimeziba.

Nikamuuliza basi jiwe lililoziba liko wapi. Hapa ndo alinimaliza. Akampa mama mdogo maji anywe, akasubiri, akaangalia tena, akasema mwisho wa mrija siuoni, gesi ya utumbo imeufunika, siwezi kukuambia jiwe lipo wala halipo. Na kwenye ripoti akaandika hivo hivo, mrija umetanuka, mwisho wake haujaonekana, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa leo. Mwingine angeandika "mawe kwenye kifuko" akafunga kazi, na sisi tungerudi Kibosho tukipanga operesheni ya mwezi ujao huku usaha unajaa kwenye mirija.

Maana ndo ilikuwa hivo. Hospitali walimlaza jioni ile ile, daktari akatuambia inaitwa kolanjaitisi, nyongo ikikosa njia inatuama, bakteria wanapanda kutoka kwenye utumbo, mrija unavimba na wanaweza kuingia kwenye damu, presha ikianza kushuka na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa ujue mmechelewa. Akasema homa ya kutetemeka, manjano na maumivu ya kulia juu, hizo tatu kwa pamoja Mfaransa Charcot alizieleza tangu 1877, ila siyo kila mgonjwa anakuja na zote tatu. Sindano za taifodi zilikuwa zinawatuliza bakteria tu, jiwe limekaa pale pale, ndo maana homa ilikuwa inakata na kurudi. Vipimo vya damu vikalingana na ile ripoti, bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, iko juu, na vimeng'enya vya ALP na GGT vimepanda kuliko vimeng'enya vingine vya ini, ambayo ni dalili ya mrija kuziba zaidi kuliko ini lenyewe kuumwa. Wakampa dripu za antibayotiki, akapigwa MRCP, hiyo ni picha ya mashine ya sumaku (MRI) inayochora mirija ya nyongo bila kuingiza kitu mwilini, jiwe likaonekana kabisa mwishoni pale gesi ilipokuwa imeficha. Baadaye likatolewa kwa ERCP, kamera inayopita mdomoni. Hiyo siku hizi hawaitumii kutazamia tu, inaweza kuvimbisha kongosho, wanaifanya wakishajua wanaenda kutoa kitu.

Nilimuuliza pia daktari kama kila mrija ukivimba ni jiwe, akasema hapana, kuna minyoo inayopanda mle, kuna wenye VVU ambao kinga imeshuka sana, na kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili yenyewe inaishambulia mirija. Mojawapo linawapata zaidi kina mama wa umri wa kati, wanalitafuta kwa kipimo cha damu kinaitwa AMA, lingine linaendana na vidonda vya utumbo mpana na kwenye MRCP mirija inaonekana kama shanga, sehemu imebana sehemu imetanuka. Kwa hiyo ultrasaundi ni mlango wa kuingilia, hapo hapaishii.

Mama mdogo sa hivi yuko shambani kwake, kifuko alishatolewa. Juzi nilipita pale kituoni kuwashukuru, yule dada alimkumbuka hadi ile milimita 11. Ripoti wanatoa baada ya nusu saa, imeandikwa kizungu ila ukiomba ufafanuzi anakaa na wewe, Jumapili wamefunga. Zile picha zinatoka kwenye karatasi laini inayofifia, zetu za mwezi wa tatu zimeshaanza kupauka, kwa hiyo zipigeni picha kwa simu siku hiyo hiyo kabla hamjashuka ngazi.