Mashine ya kukata karatasi: kona zinachanika, na kastoma kea ndio wamenimalizia kabisa

Ukubwa wake na inakata nini na nini someni kwenye boksi, mimi naongelea kona tu.

Nakata karatasi kwa mkono miaka mingi, kisu chembamba na mkasi mdogo basi. Hii mashine nimeinunua juzijuzi ili mchoro mmoja niutoe nakala nyingi: ndege ndani ya majani, na majani yameshikana kwa vikonyo vyembamba kama unywele. Nikageuza mchoro kuwa SVG, yaani faili la mistari ambayo bledi inaifuata, nikabandika karatasi kwenye mkeka wa kunata, nikabonyeza. Duara la nje likatoka safi, mkono wangu haufikii pale. Ila ikifika kwenye ncha ya jani, bledi inaburuzwa halafu inajizungusha ili igeuke, na hapohapo inanyanyua nyuzi za karatasi, kona inachanika, ncha inabaki imenata kwenye mkeka. Jani baada ya jani! Nimebadilisha bledi, nimepunguza presha, nimefuta vinukta vya ziada kwenye mistari maana programu ikigeuza picha yenyewe inavijaza mpaka bledi inatetemeka, lakini wapi.

Nikasema ngoja nipunguze spidi. Apdeti imekuja, sehemu ya spidi imeondolewa. Na intaneti ikikatika programu haifunguki, yaani mashine ni yangu, umeme upo, karatasi ipo, nakaa naiangalia tu.

Sasa kastoma kea. Nimewatumia picha ya kona kwa karibu kabisa, dada wa watu ananijibu karatasi yako ni mbovu, halafu hivi vitu vidogo hivi nani anakata siku hizi, jaribu stika.

Nani anakata? Wachina wamekata hivi karne na karne mpaka UNESCO ikaiingiza sanaa yao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2009. Matisse, yule mchoraji Mfaransa, uzeeni, mwili umegoma, alishika mkasi akakata karatasi zilizopakwa rangi, na kazi zile ziko makumbusho. Unamwambiaje mtu jaribu stika?

Nikachukua karatasi kutoka pakiti ileile "mbovu", nikakata kwa kisu, matundu madogo ya ndani kwanza, ukingo wa nje mwisho, nageuza karatasi badala ya mkono. Kona zote kali. Nikawatumia na hiyo picha, kimya mpaka leo.

Nilikaa chini nikiwa na nyota tatu kichwani, na kwa anayekata kadi na herufi kubwa bado nasema itamfaa, yale maduara ni mazuri kweli. Ila nikisoma tena hayo majibu nashuka mbili. Hapana, naweka moja, wakirudisha sehemu ya spidi nitakuja kubadilisha.

Mwenye toleo la zamani la programu aniambie analipata wapi, nina karatasi nyingi za kazi hii zinanisubiri.