Betri mbili kwenye Vigo yangu: nimekaa nazo miezi minane

Gari langu ni Hilux Vigo ya dizeli, gia za mkono. Kazi yake ni kubeba chanjo na dawa za mifugo kutoka Dodoma mjini kwenda minadani: Bahi, Chemba, Kondoa, mara mojamoja Manyoni. Nyuma kuna friji ya volti 12, na friji hiyo ndiyo iliyonitia adabu.

Julai mwaka jana nililala Kwa Mtoro. Mnaoujua upepo wa alfajiri wa huku mwezi huo, mnaujua. Friji ilikesha ikivuta umeme kwenye betri ileile ya gari. Asubuhi napiga stata, injini inazunguka kwa uvivu, haishiki. Vijana wa mnadani wakasukuma mpaka jasho likawatoka kwenye baridi ile. Wapi! Land Rover ya marehemu baba ingeshawaka kwa kusukumwa, maana pampu yake ilikuwa chuma kitupu, haiombi ruhusa kwa mtu. Hizi dizeli za Toyota za D-4D, kama yangu, pampu na nozeli zinasubiri amri ya kompyuta. Betri iliyochoka ikipigwa stata inaweza kuporomoka hadi chini ya volti 9, na kompyuta ikikosa volti inanyamaza. Ndiyo maana unasikia stata inazunguka na gari haliwaki.

Niliporudi mjini, fundi wa kwanza akanifungia betri ya pili, saizi ya N70, kwenye bodi, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa waya wa nyumba wa milimita 6, bila fyuzi hata moja. Friji ikawa inanyonya betri zote mbili usiku. Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa na betri mbili mbovu badala ya moja, na waya uliokuwa unapata joto ukiugusa. Yule simtaji, hela yake nilishamlipa.

Wa pili nilielekezwa na dereva mwenzangu, yuko Kizota. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakushika spana kwanza, alishika mita. Injini ikiwa imewaka alipata volti 14.2 kwenye altaneta, ile inayochaji betri, lakini kwenye vichwa vya betri ya nyuma 13.5. Akaniambia, "Kaka, volti zako zinapotelea njiani." Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri ya mbele, nyingine kwenye bloku ya injini, akaniambia nipige stata. Zaidi ya nusu volti! Waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, ulikuwa umeota kutu ya kijani chini ya bolti. Akaufungua, akasugua kwa msasa, akabana upya, na siku hiyohiyo stata ikabadilika sauti. Nasema wazi: sehemu kubwa ya shida yangu ilikuwa kwenye bolti ile, na mimi nilikuwa nimeshanunua betri.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Betri ya mbele, mpya, imebaki ya stata na kompyuta ya injini peke yake. Ya nyuma ni ya AH 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), ile ya kuvumilia kutumika polepole, imefungwa kwenye boksi huko kwenye bodi, mbali na joto la boneti. Katikati kuna rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayosoma volti: altaneta ikifikisha 13.3 inaziunganisha, zikishuka 12.8 inazitenganisha. Friji inavuta kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na karibu nusu ya muda imepumzika, kwa hiyo usiku mzima inakula kama AH 25. Betri haishuki hata kufika nusu.

Waya ni wa shaba wa milimita 25, ule wa mashine ya kuchomelea. Mkienda dukani kwarueni nyuzi kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iacheni. Fyuzi ziko mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huo una umeme pande zote mbili. Ukichubuka kwenye chasisi, fyuzi ya mbele haiwezi kuzuia moto unaotoka nyuma.

Tulibishana jambo moja. Alitaka kompyuta ya injini ihamie betri ya nyuma ili stata isiiyumbishe. Wazo lina akili yake, ila betri ya friji ndiyo hasa inayoweza kuamka tupu, na waya za kiwandani sitaki zikatwe. Badala yake akaniwekea swichi chini ya dashibodi ya kuziunganisha betri kwa mkono. Nimeitumia mara moja tu, Bahi, baada ya kusahau taa ndogo usiku kucha. Liliwaka bila kumwamsha mtu.

Ukiondoa betri, nililipa laki tatu na sitini. Aliahidi Jumanne, akanipa gari Alhamisi, na simu yangu ya Jumatano hakupokea. Sasa hivi nikipiga stata volti hazishuki chini ya 10.4, na nikilala Kolo chanjo naikuta kwenye nyuzi 4.

Mwenye gari jipya ambalo altaneta yake inapunguzwa volti na kompyuta asiige rilei hii, itamchanganya. Atafute chaja ya DC kwa DC, ile inayopandisha volti yenyewe kabla ya kuchaji betri ya pili.

Malalamiko yangu ni fyuzi ya nyuma. Ameiweka palepale tairi linaporusha vumbi, na kifuniko chake kimeshapasuka. Jumamosi namrudia aihamishe kabla Julai haijafika.